Siku moja maishani mwangu: mjiolojia wa zamu Olkaria

Saa kumi na moja alfajiri
Basi la wafanyakazi linatuchukua Naivasha mjini na kupita kando ya mashamba ya maua. Nusu ya abiria wamelala. Mimi nafanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba visima vya mvuke, sehemu inayoitwa Domes. Jina limetokana na vilima vinavyotuzunguka, ambavyo ni makuba ya lava, yaani marundo ya lava nzito iliyoganda pale pale ilipotokea. Mvuke wa eneo hili ndio unaoendesha kituo cha umeme cha Olkaria IV, kilichozinduliwa 2014.

Saa kumi na mbili
Makabidhiano. Mwenzangu wa usiku, macho mekundu, ananionyesha mifuko ya sampuli. Tumefika mita mia tatu na kitu, bado raiolaiti, mwamba wa lava nzito iliyoganda. Kisima kinalenga kama kilomita tatu, kwa hiyo safari ndiyo kwanza imeanza.

Saa mbili
Kila mita mbili tunakinga vipande vya mwamba vinavyopanda na matope ya kuchimbia, tunaviosha kwenye chekecheke, kisha hadubini. Vya leo ni vya kijivu, ukubwa wa punje ya mchele, vina mistari miembamba iliyokolea na iliyofifia ikipishana. Ni alama ya lava iliyokuwa nzito mno, ikijikokota tabaka juu ya tabaka. Humo humo kuna obsidiani, kioo cheusi kinachokata kidole ukizembea. Panapotokea kioo, lava ilipoa upesi, na mara nyingi hapo ni kwenye ganda la kuba.

Saa nne
Chai. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi ananiuliza, "Madam, mbona lava hii haikutiririka kama ya Nyiragongo, ile volkano ya Kongo?"

Swali zuri. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ile dutu inayounda mchanga na kioo, ndiyo maana ilishuka mbio hadi Goma 2002. Yetu ina silika zaidi ya asilimia 70, na silika hujifunga minyororo ndani ya magma, mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hadi ikawa vigumu kusogea. Halafu kuna gesi. Ikibanwa, mlima unalipuka na kutapika majivu na pamisi, jiwe jepesi lenye matundu ya gesi. Ikivuja mapema, kinachobaki kinasukumwa juu polepole na kurundikana mdomoni pa shimo. Kuba linaweza kukua kwa ndani, magma mpya ikilivimbisha kama andazi kwenye mafuta huku ganda likipasuka, au kwa nje, lava ikitoboa na kujimwaga juu yake. Mara nyingi hufanya yote mawili kwa zamu.

Saa sita na nusu
Matope hayarudi. Yamepotelea kwenye nyufa huko chini, na bila matope hakuna sampuli. Wachimbaji wanahangaika, sisi tunapanda kilima cha jirani kati ya vichaka vya leleshwa.

Kutoka juu unaona makuba yamejipanga kama upinde mashariki na kusini. Wapo wanaosema ni ukingo wa kaldera iliyofukiwa, yaani bonde kubwa linalobaki volkano ikilipuka na kudidimia. Mimi sijashawishika: kaldera kubwa huacha miamba ya mlipuko wake, na hapa bado haijatambuliwa kwa uhakika.

Namweleza mwanafunzi aina nne za makuba zinazofundishwa. Kuna kizibo kilichoinuliwa kizima-kizima, kama Showa-Shinzan ya Japani, iliyoota kwenye mashamba ya ngano kati ya 1943 na 1945. Kuna la Pelée, volkano ya kisiwa cha Martinique, lenye kingo kali na miiba: mwiba wake ulipita mita 300 mwaka 1903 kabla ya kubomoka. Kuna la chini, bapa, kama la volkano ya Soufrière, kisiwa cha St Vincent, 1979. Na kuna linaloanza kama kuba likaishia kutambaa, kama Chao ya Chile, yenye urefu wa kilomita 14 hivi.

Kwangu hizo ni hatua za ukuaji kuliko aina tofauti. Kuba moja linaweza kuanza bapa, likaota miiba, kisha likateremka. Tena raiolaiti yetu ina alkali nyingi, hivyo ilitiririka kwa urahisi kidogo kuliko silika yake inavyodai. Umbo peke yake litakudanganya, hasa likishafunikwa pamisi na nyasi.

"Haya yanaweza kuporomoka?" anauliza. Namjibu: haya yamepoa. La hatari ni lile linaloendelea kukua kwenye mteremko: volkano ya Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991, kipande kilimeguka, wingu la moto likaua watu 43, wakiwemo wanavolkano Katia na Maurice Krafft na Harry Glicken.

Saa tisa
Matope yamerudi. Sampuli, kuosha, hadubini.

Saa kumi na mbili jioni
Mwenzangu amerudi, tunabishana kidogo. Kati ya tabaka mbili za raiolaiti kuna mita sita za pamisi. Yeye anasema ni kuba moja lililobomokabomoka. Mimi nasema ni mawili, na mlipuko katikati. Nimeandika "mawili?" kwenye daftari, na alama ya kuuliza nimeiweka kwa heshima yake tu. Sampuli nne zinaenda maabara kesho.