Vifuniko kumi vya soda

Nilipopewa kazi ya kufundisha askari wetu wa Uganda, wanaokwenda kulinda amani Somalia, kuzungumza na wazee wa huko, sikuwa na kompyuta hata moja darasani. Nilikuwa nimesoma habari za ELECT BiLAT, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Southern California kwa ajili ya jeshi la Marekani. Ofisa anakutana na wakubwa wa mji wa Iraki, na kila analotamka linapandisha au kushusha imani ya mwenyeji. Imani ikiisha, hoja nzuri haimsaidii.

Wenzetu waliotangulia, tangu kikosi cha kwanza kilipotua Mogadishu Machi 2007, walijifunza mambo haya hukohuko uwanjani. Sikutaka vijana wangu wayajue kwa njia hiyo.

Nikaenda Kisenyi, Kampala, nikamwomba mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara, aje kutuigizia. Kiswahili anakijua, lakini tulikubaliana aongee Kisomali tu, mkalimani akae katikati. Mezani nikapanga vifuniko kumi vya soda. Mzee akikereka, anachukua kimoja na kukitia mfukoni bila kusema. Akiridhika, anakirudisha. Vikibaki vitatu, kikao kimevunjika.

Kisa chenyewe: lori la msafara limegonga ngamia.

Koplo wa kwanza aliingia na miwani myeusi, akabaki wima. "Mzee, unataka pesa ngapi tumalize?" Chai haijamiminwa, vifuniko vinne vilishaondoka. Yeye hakuviona, alimwona mzee anatabasamu, akajua mambo yanakwenda sawa. Dakika chache baadaye mzee alisimama, akaaga kwa upole, akatoka.

Tulichovuna zaidi kilikuja baada ya hapo. Mzee alirudi, akatoa vifuniko mfukoni, akavipanga mbele ya koplo kimoja kimoja. "Hiki ni cha miwani, mwanangu. Hiki, hukuniuliza hali ya nyumbani. Hiki, ulikuwa unaongea na mkalimani, si na mimi." Kisha akatueleza xeer, sheria ya mila yao: fidia ni jambo la ukoo, si la mwenye ngamia peke yake. Kwa desturi, uhai wa mwanamume hufidiwa kwa ngamia 100, na ukoo mzima huchangia. Ukimpa mtu mmoja pesa pembeni, umewapandia ugomvi. Darasa zima lilikuwa kimya. Mimi mwenyewe hilo la ukoo nilikuwa sijawahi kulifundisha.

Mara ya pili koplo alivua miwani na kofia, akaketi, akauliza habari za mvua na mifugo, akanywa chai yake taratibu. Ndipo akasema, "Mzee, tuwasubiri wazee wenzako?" Vifuniko viwili vikarudi mezani.

Kuanzia kundi la tatu nilianza kubadilisha waigizaji, mara mzee, mara mama muuza nguo, kwa sababu niliona vijana wameshamzoea yule mzee wetu na wanajua kabisa nini kitamfurahisha.