Jinsi nilivyowinda kulungu kwenye miteremko mikali ya Idaho

Watu wakisikia kwamba nawinda, swali la kwanza ni bunduki gani. Bunduki ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko mlimani, na hasa kuushuka mlima huo ukiwa na nyama mgongoni.

Naishi Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, Marekani, na mwenzangu wa kuwinda ni Mkongomani wa Bukavu aliyenizidi umri. Mimi nimekulia Lushoto, kwa hiyo milima hainitishi kwa kuitazama. Lakini Usambara ina njia zilizokanyagwa na watu tangu enzi za mababu. Kwenye bonde la mto Salmon, ukishaacha barabara, njia unajitafutia mwenyewe. Mji wa Riggins, ulio bondeni humo, uko kama mita 550 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha He Devil, katika safu ya Seven Devils iliyo jirani, kina mita 2,863. Hapo katikati ni kupanda tu.

Mambo ya leseni, kibali cha kulungu na cheti cha mafunzo (kinachodaiwa kwa mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia 1975) sitayaeleza. Idara ya wanyamapori ya jimbo inayaeleza vizuri. Nizungumzie miguu.

Mazoezi niliyafanya Table Rock, kilima kinachoonekana kutoka katikati ya Boise. Nilikuwa napanda na mfuko wa mchele wa kilo 20 ndani ya begi. Wapo wanaobeba madumu ya maji, wakifika juu wanayamwaga ili wasiumize magoti wakati wa kurudi. Mimi nilitaka magoti yaumie huko, karibu na nyumbani, yazoee. Kupanda kunachosha mapafu, na mapafu yanapona ukisimama dakika mbili. Kushuka kunachosha msuli wa paja, na paja likianza kutetemeka halina dawa ya haraka.

Usiku kabla ya safari tulikaa na ramani. Kwenye programu ya simu unaweza kuwasha rangi za mwinuko, na kadiri mteremko unavyozidi kuwa mkali ramani inageuka njano, halafu rangi ya machungwa, halafu nyekundu. Tulichagua mgongo wa mlima wa kupandia, tukakwepa makorongo. Sababu nyingine ya kupita mgongoni ni upepo. Alfajiri hewa baridi inateremka bondeni, na jua likishapasha mteremko, hewa inageuka na kupanda. Ukiwa juu ya kulungu wakati huo, harufu yako inakwenda angani. Ukiwa chini yake, ameshakujua kabla hujamwona.

Tulianza kupanda na taa za kichwani, chemba za bunduki zikiwa tupu. Siri ya mwendo ni moja: kila hatua unanyoosha kabisa goti la mguu wa nyuma, uzito unakaa kwenye mfupa badala ya msuli, unatulia kidogo, ndipo unahamisha mguu mwingine. Ni mwendo wa kinyonga, na ukiona unahema kiasi cha kushindwa kuongea, bado una haraka. Penye mwinuko wa nyuzi 35 nikinyoosha mkono nagusa nyasi zilizo mbele yangu. Hapo tulikwenda kwa kupindapinda, fimbo ya upande wa mlimani tumeifupisha. Kwenye kokoto zinazoporomoka tulivuka mmoja mmoja, na hakuna aliyesimama chini ya mwenzake.

Jua lilipochomoza tulikuwa juu, tumejibanza nyuma ya mwamba na darubini. Dume zuri lilitokea mapema, pembe pana, likila majani chini kabisa ya genge. Nilianza kujipanga. Mzee akanigusa bega.

"Mdogo wangu, tukimupiga kule, nani atamupandisha?"

"Hakuna, kaka. Tumwache."

Hili naliona kubwa kuliko ulengaji: kabla ya kufyatua, kwanza uione njia ya kutokea.

Dume la pili, dogo zaidi, lilikuwa kwenye sehemu tambarare ya mteremko yenye misonobari michache, upande uleule tuliopandia. Kwenye mwinuko mkali, umbali wa kufuata ni ule wa mlalo. Mita 300 kwa nyuzi 35 zinahesabiwa kama 245 hivi, na ukilenga kwa 300 kamili risasi inapiga juu. Kipima umbali changu kinafanya hesabu hiyo chenyewe. Nikasema Bismillah, Allahu Akbar, nikafyatua.

Mnyama akianguka mahali kama pale, anaweza kuserereka mpaka korongoni. Kwa hiyo kabla ya kisu, kamba: tulifunga pembe kwenye shina la msonobari, ndipo nikakata alama za mwezi na tarehe ya siku hiyo kwenye kibali na kukifunga kwenye mnyama. Tulichuna upande mmoja, tukamgeuza, tukachuna wa pili. Nyama tuliitoa kwenye mifupa na kuitia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, tukiacha kwenye pande moja alama ya jinsia kama sheria inavyotaka. Kuacha mifupa ya supu mlimani kulimuuma sana mzee, akainung'unikia njia nzima.

Tuligawana mzigo nusu kwa nusu. Kabla ya kushuka nilifungua viatu na kuvikaza upya kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele; kucha nilishazikata nyumbani. Fimbo nikazirefusha. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, kisigino kinachimba udongo. Penye nyasi kavu zinazoteleza nilishuka kiubavu. Kila tulipokuta mti tuliuegemeza mzigo bila kuuvua, maana kuuvua na kuuvaa tena kwenye mteremko ndiko kunakoangusha watu.

Gari tulilifikia giza limeshaingia. Nyama tukaiweka kwenye sanduku la barafu, na mzee akatangaza kwamba shingo ni ya kwake.