Gari Yangu, Jina la Marehemu

Mwezi wa tisa 2017 ndo nilinunua gari yangu ya kwanza, Carina TI namba B, silva, milioni nne na laki nane. Aliyeniuzia alikua jirani yangu Kimara, mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtaa mzima tulikua tunamwita Mwalimu tu na nadhani kuna watu mpaka leo hawajui jina lake. Mwaka huo ndo ule wa bomoabomoa ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya huko, unaamka unakuta ukuta umechorwa X nyekundu. Nyumba yake ilikua ndani kidogo ikapona, ila fremu mbili alizokua anapangisha barabarani zikaenda na maji, na kodi ya zile fremu ndo ilikua inamweka mjini maana pensheni si unaijua. Akaamua gari iondoke.

Nikaenda na fundi wangu, akaisikiliza injini, akachungulia chini, akasema chukua hii, mzee anaitunza. Mi nikasema basi tutafute mwanasheria tuandikishane, kwanza Mwalimu akaniangalia kama nimemtukana. "Mwanasheria wa nini, kijana? Mi nimefundisha Kiswahili miaka yote hiyo nishindwe kuandika mkataba?" Akaingia ndani akatoka na fulskepu, rula na biki mbili, ya bluu na nyekundu. Aisee yule mzee alituweka pale sebuleni karibu saa nzima. Kichwa cha habari kapiga mistari miwili kwa rula, kila kifungu na namba yake pembeni kwa nyekundu, hela kaandika kwa tarakimu na kwa maneno na neno "tu" mwishoni, mwandiko umelala kulia wote kama mpunga uliopigwa na upepo. Fundi akasaini kama shahidi na kidole chake cha oili kikabaki pale kwenye kona ya karatasi. Mama, mke wa Mwalimu, ndo alizihesabu zile milioni nne za kuanzia, akazipanga laki laki juu ya kitambaa cha meza, mi namwangalia tu hela zangu zinavyoondoka.

Laki nane iliyobaki nikalipa kwa awamu mbili, na Februari 2018 Mwalimu akanikabidhi kadi original. "Sasa twende TRA tukabadilishe jina," akasema. Nikamwambia wiki ijayo Mwalimu.

Hiyo wiki ijayo bana. Kwanza nilikua sina TIN, ile namba ya mlipakodi, nikaipata. Halafu hela ya transfer niliyokua nimeitenga ikaenda kwenye tairi mbili za mbele. Halafu Mwalimu magoti yakawa yanamsumbua, nikaona nisimtoe mzee wa watu kwenda kukaa foleni, na kusema ukweli hiyo ilikua kisingizio, kila siku alikua anatembea mpaka gengeni na kurudi. Nilikua nina gari, nina funguo, nina kadi mkononi, sikuona haraka ya nini. Tukikutana ananiuliza, "Vipi, bado natembea mjini?" maana yake jina lake kwenye kadi. Tunacheka yanaisha.

Machi 2019 Mwalimu akafariki. Presha, usiku, hata hospitali hakufika.

Kwao ni Mgeta, juu kabisa milima ya Uluguru, na msiba ukahamia huko. Mi kama jirani nikajitolea gari, nikabeba watu wanne tukafuata gari la maiti, pale Mikese nikapigwa tochi maana tulikua tumeachwa nyuma nikawa nakanyaga ile mbaya, nikaandikiwa elfu thelathini yangu nikatia kikaratasi mfukoni. Kupanda kule juu mvua zimeanza, Carina inaburuza tumbo kwenye mawe, mara mbili vijana walishuka kusukuma. Tulipofika uwanjani nikasikia mama mmoja mtu mzima anamwambia mwenzake, "Gari ya marehemu hiyo." Nilisikia kabisa. Sikuona ubaya, ni kweli ilikua gari yake.

Tukazika. Kesho yake asubuhi ukaitishwa kikao cha ukoo na mi nilikua nimekaa pembeni kwenye benchi karibu na mlango nakunywa chai na magimbi nasubiri wenzangu tuanze safari. Sasa kama hujui, kwa Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, kwaiyo mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, sio mtu mdogo kwenye kikao kama kile. Na huyu mpwa mkubwa alikua ni mtu wa maana haswa, kavaa koti, ana daftari, anaorodhesha mali za mjomba wake. Nyumba ya Kimara. Shamba la juu. Shamba la bondeni. Akageuka akanyoosha kalamu nje, "Na gari ile."

Magimbi yakanikwama kooni.

Nikasema samahani kaka, ile gari nilishanunua kwa Mwalimu. Kimya. Wazee wote wakanigeukia, na ndo nikajua pale ndani hakuna hata mmoja anayenijua mi ni nani, walijua ni dereva. Mpwa hakupandisha sauti wala nini, akauliza tu, "Kadi ina jina la nani, bwana mdogo?" Nikasema la Mwalimu. "Basi funguo naomba zikae hapa mezani kwanza tuelewane." Nikaziweka, ningefanyaje, niko milimani kwa watu, jana tu wametoka kuzika.

Nikaomba nikachukue mkataba kwenye dashibodi, wakanitumia kijana mmoja aende na mi, anifungulie yeye na funguo arudi nazo yeye. Fikiria unafunguliwa gari yako. Mkataba ulikua umekunjwa mara nne ndani ya risiti za mafuta na stika ya bima ya zamani. Nikaupeleka, mpwa akaukunjua, na kabla hajasoma chochote akanyamaza hivi, akasema taratibu, "Mwandiko wa mjomba huu." Akampa mzee wa pembeni, yule akampa mwingine, karatasi ikazunguka chumba kizima, nusu ya watu pale Mwalimu ndo aliwafundisha kushika kalamu. Nikapumua.

Nimepumua mapema. Karatasi ilivyomrudia akaanza kuisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, akafika cha tano ambacho mi nilikua nimeshakisahau kabisa: "Mnunuzi atahamisha umiliki wa gari kwa jina lake ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya kukabidhiwa kadi." Akaniangalia juu ya miwani. "Kadi ulikabidhiwa lini?" Februari mwaka jana. "Leo ni lini?"

Sina jibu. Mzee mmoja akasema huenda hela haikuisha ndo maana hakubadilisha, na usiseme alikua mbaya, hata mi ningewaza hivyohivyo. Malipo ya laki nane hayakua na maandishi yoyote, nilimpa mkononi. Fundi aliyesaini yuko Dar, simu yake kila nikipiga haipatikani, na mtandao wa kule juu nao ni wa kuvizia.

Aliyenitoa ni mama, mke wa Mwalimu. Alikua chumba cha ndani na wanawake wenzake, kumbe anasikia yote. Akasema kutoka hukohuko, hata kutoka hakutoka, "Hela ilisha. Mi ndo nilizihesabu. Ile ya mwisho ndo ilikwenda kwenye bati za upande wa jikoni. Mwacheni mwanangu aende na gari yake." Basi. Mpwa akafuta mstari kwenye daftari, akaandika upya, akanisomea: gari imeuzwa, inasubiri kuhamishwa jina. Akanisukumia funguo.

Nikadhani yameisha, kumbe hiyo ilikua ni familia tu. Marehemu hasaini fomu. Ikabidi kisubiriwe cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ule ule ukoo, na Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, ndo yeye asimame badala ya Mwalimu kwenye transfer. Wakamchagua binti mkubwa ambaye yuko Dodoma, kwaiyo kila hatua nauli ya Dodoma kwenda na kurudi ni mimi, chakula ni mimi, na sikuweza kulalamika maana kosa langu nalijua. Katikati hapo nilibanwa na hela nikataka kuiuza, nikapata mteja wa milioni nne taslimu, akafungua kadi akauliza huyu ndo wewe? Nikamwambia huyo ni marehemu. Akairudisha kwa vidole viwili.

Novemba ndo siku ikafika. Niko na dada msimamizi pembeni, bahasha ya makaratasi mapajani kwake, tunaelekea TRA, pale Ubungo trafiki akanipiga mkono. Akaingiza namba kwenye kimashine chake, akatabasamu.

"Unadaiwa wewe. Mikese, mwezi wa tatu."

Kile kikaratasi. Nilikisahau kwenye suruali niliyovaa msibani.

"Spidi yote hiyo ulikua unawahi wapi?"

"Mazishi, afande."

"Ya nani?"

Dada akafungua bahasha akampa kadi. Afande akalisoma jina, akatuangalia, akalisoma tena.