Teremsha Mzigo Kwanza, Kisha Usali

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, wiki hii hasira imenifuata mpaka ndani ya Swala. Wengi wenu mmeiona ile video inayozunguka kwenye makundi ya simu, ya punda waliosongamana uani mwa machinjio, wengine wameshaanguka na wenzao wanawakanyaga. Niliitazama mara moja nikaifuta, lakini haikufutika. Nikisoma Fatiha, naiona. Nikinyanyua mikono kuomba, linalokuja ulimini ni laana: Ya Rabbi, wakate mikono hao. Nimejikuta nikinyamaza katikati ya dua, kwa kuwa sijui kama ninayemlilia haki ni yule punda au ni nafsi yangu tu inayotaka kuona mtu akiumia.

Hasira yenyewe siilaumu. Moyo unaoona mnyama anateswa na usishtuke, huo ndio wa kuombewa. Na jambo lenyewe ni kubwa, tena liko kwetu, si hadithi ya mbali. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ilihesabu kwamba kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda 301,977 walichinjwa katika machinjio ya hapa Kenya, karibu asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ichemshwe itoke gundi iitwayo ejiao, ambayo China huuzwa kama dawa ya kuongeza damu. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima au zaidi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kasi ile hakuna zizi linaloweza kuifidia. Wezi wakaingia kazini. Mtu akiamka asubuhi anakuta kamba imekatwa, na akifuata nyayo anakuta mzoga umechunwa umeachwa kichakani. Wenye punda wakalalamika mpaka Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Peter Munya, akatangaza marufuku. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua. Kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Tunasema alhamdulillah, na tunamwomba Mwenyezi Mungu makubaliano hayo yashike.

Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya hayo peke yake. Nilikuwa nimeshapanga aya, na hadithi ya vita vya Khaybar, siku vyungu vilipopinduliwa na nyama ya punda wa kufugwa ikatangazwa kuwa haramu. Ni maneno ya haki na siku nyingine nitayaandika. Lakini juzi, natoka msikitini baada ya Adhuhuri, nilimkuta punda amesimama kwenye kichochoro hapa kwetu Lamu, ubavu wake umegusa ukuta wa baraza. Ana shogi mgongoni, ule mfuko wa kubebea mizigo, na shogi limejaa mchanga mbichi wa kutoka ufukweni, maji ya chumvi bado yanachuruzika kwenye miguu yake. Mwenyewe alikuwa ndani, anamalizia sunna zake, taratibu, kwa utulivu. Jua la Kaskazi mnalijua. Pale ukingo wa shogi unapokutana na uti wa mgongo palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, na nzi wametanda juu yake. Yule punda hakuwa akipiga mateke wala kulia. Alikuwa ameinua kwato moja ya nyuma kidogo, anaipumzisha ile, kisha anaishusha na kuinua nyingine.

Sisi tuliotoka msikitini tulimpita, mmoja mmoja, tumejibana ukutani tusichafue kanzu. Na wengi wetu ndani ya mifuko tulikuwa na simu zenye ile video, tumeituma kwa watu na kuandika chini yake, "Hawa si binadamu."

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipojua tafakari ya wiki hii ni ya nani.

Mnaikumbuka hadithi ya ngamia wa Madina, aliyoipokea Abdullah bin Jaafar, nayo imo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Answari, mkawa na ngamia mle. Ngamia alipomwona Mtume alitoa sauti ya huzuni na macho yakamtiririka machozi. Mtume akamwendea, akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Halafu akauliza: ni wa nani ngamia huyu? Akaja kijana wa Kianswari akasema, ni wangu, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia: "Humchi Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyekumilikisha? Amenishtakia kwamba unamtia njaa na unamchosha."

Tazameni mashtaka yalivyo. Ngamia hakusema kwamba amevunjwa mguu, wala kwamba amechomwa moto. Njaa na uchovu, basi. Mambo ambayo sisi tunayaita kazi. Na aliyeshtakiwa si kafiri wala mwizi wa usiku. Ni kijana wa Answari, katika watu waliompokea Mtume na kumpa nusura, watu ambao Qur'ani imewasifu. Wema wake wote haukumfanya Mtume aipite kesi ya yule mnyama. Alisimama, akauliza mwenyewe ni nani, na akamtajia taqwa. Hakumtajia bei ya ngamia wala hasara atakayopata ngamia akifa.

Na yule mwanamke wa paka, ambaye khatibu akimtaja sote tunatikisa kichwa? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhi. Hadithi haisemi alimpiga. Kosa lake lilikuwa kumfunga na kumsahau. Sisi ukatili tunaujua ukiwa na damu na kelele, ukiwa na kamera mbele yake. Huu wa kamba na kusahau tunauita shughuli nyingi.

Sasa nisikilizeni kwa hili, maana ndilo lililonikalia rohoni. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, anasema: tulikuwa tukishuka mahali, hatusali mpaka tufungue mizigo ya wanyama. Hii nayo ni ya Abu Daud. Wanazuoni wameieleza kwamba ni Swala za sunna. Waone masahaba hao: wametoka safari ya jangwani, vumbi mpaka kwenye kope, wana shauku ya kusimama mbele ya Mola wao kuliko shauku yetu sisi tunaovuka kichochoro kimoja kuja msikitini. Nao wanaanza na kamba. Wanafungua, wanashusha, mnyama anajinyoosha mgongo, ndipo wanasema Allahu Akbar. Hawakuona kwamba mnyama anawachelewesha kwenye ibada.

Wewe unayeswaga punda, nakuomba kwa mapenzi ya ndugu kwa ndugu. Adhana ikikukuta njiani na mzigo, tafuta kivuli, shusha. Mifuko miwili ya saruji kuishusha na kuipandisha ni kazi, najua, na mgongo wako nao unauma. Lakini Mola unayekwenda kumsujudia ndiye aliyemuumba huyo uliyemwacha nje. Mwombe mwenzako akusaidie. Sisi tulioketi barazani tusimame tukusaidie, kwani hiyo dakika ya kunyanyua mfuko ni sadaka ambayo hatukuitafuta, imetufuata mlangoni. Mtume ameahidi kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira. Ukimshushia mzigo, mpe maji kabla hujanywa yako. Na hata pasipokuwa na adhana, ukisimama kuzungumza na mtu, usizungumze huku mzigo uko juu. Tumekatazwa kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari.

Lakini nisimwelemee kijana wa punda peke yake, nikawa kama wale wanaomlaumu mchinjaji na kumsahau mnunuzi. Yule punda wa kichochoroni mchanga ule alikuwa akiupeleka wapi? Kwenye jengo la kheri, jengo letu sisi, la watoto kusomea Qur'ani. Sisi ndio tulioomba tuhurumiwe bei. Sisi ndio tuliosema, hii ni kazi ya Mwenyezi Mungu, punguza kwa kila safari. Kijana akapunguza, maana anatuheshimu, na ili apate kulisha wanawe akajaza shogi mpaka mdomoni ili zile safari kumi ziwe sita. Kilichopunguzwa kimelipwa na mgongo wa punda. Tunataka sadaka yenye kuendelea, na kidonda nacho kinaendelea pamoja nayo, mawe ya machimbo ya Maweni yanapanda ukutani moja baada ya moja na ngozi ya mnyama inachubuka moja baada ya moja. Waheshimiwa wa kamati, wazee wangu, nawaambia nikiwa mmoja wenu: mimi naogopa jengo hilo siku ya kuulizwa. Naogopa punda asije akasimama akasema kama alivyosema ngamia wa Madina, akatushtakia kwa yule tuliyedai tunamjengea.

Tumezoea kusemezana, punda afe mzigo ufike. Tunawaambia vijana wetu maneno hayo kuwatia ari. Muumini hana ruhusa ya kuyafuata hayo. Katika Suratun Nahl Mola wetu anatukumbusha wanyama wanaotubebea mizigo mpaka miji tusiyoweza kuifikia ila kwa mashaka ya nafsi, na aya hiyohiyo ya mizigo ameifunga kwa kusema kwamba Mola wenu ni Mpole, Mwenye kurehemu. Aya inayofuata ndiyo anamtaja punda kwa jina lake. Upole umewekwa baina ya mzigo na punda. Sisi tumeweka fimbo.

Atakuwapo wa kusema: watu wana njaa, Gaza inalia, Sudan inalia, na wewe unaandika juu ya punda? Nimeshaambiwa. Ndugu yangu, huruma haina kifuko kidogo hata ukimpa mnyama ikamkosa mtu. Yule mwanamke mzinifu wa Bani Israil aliyemtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuyapeleka maji yale kwa masikini. Na tena kwetu Lamu, mji usio na njia za magari mle ndani, punda akifa kuna nyumba inayolala na njaa. Ukimtunza umewatunza na waliomo.

Lipo jambo linalonitia haya nikipita pale mbele ya bahari. Kliniki ya punda iliyopo pale, wanapotibiwa vidonda na kupewa dawa za minyoo bila malipo, imeanzishwa na watu wa The Donkey Sanctuary kutoka Uingereza, tangu 1987. Mwenyezi Mungu awalipe kheri na awaongoze. Lakini hadithi za ngamia, za paka, na ya Anas zimo katika vitabu vyetu, tunazisomesha darsani, vijana wetu wanazihifadhi kwa isnadi. Wageni wamevuka bahari kuja kufunga vidonda ambavyo sisi tunavifungua kila asubuhi. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, imekataza kumpiga mnyama kikatili na kumzidishia mzigo. Hivi kweli tungoje askari atufundishe jambo ambalo Mtume alilifundisha kwa kumpapasa ngamia nyuma ya masikio?

Hasira yangu juu ya ile video bado ninayo. Nimeacha kuiombea mikono ya watu ikatike. Namwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wale wanaoshika kisu na wanaoshika pesa, aviponye viumbe wake, na anitoe mimi katika wale wanaoona jicho la mnyama kwenye kioo cha simu wasilione kichochoroni. Allahumma, wewe ndiye uliyetumilikisha hawa, tusaidie tuwarudishe kwako bila mashtaka. Amin.

Kwa wiki hii, haya tumeshapatana na baadhi ya ndugu. Nyumba zilizo karibu na msikiti zitaweka ndoo ya maji safi mlangoni kutoka Adhuhuri hadi Magharibi. Watoto wasichezee, na taka za plastiki zisitupwe karibu, maana punda huzila zikawaua kwa tumbo. Mwenye shogi lililochakaa au lililotoka kingo alilete barazani Jumamosi baada ya Asri, wapo mafundi waliojitolea kushona, na magunia laini ya kupachika ndani yatakuwepo. Punda mwenye kidonda apelekwe kliniki, apumzishwe, na siku za mapumziko yake tutachangia riziki ya mwenyewe. Mwenye uwezo asinyamaze. Kuhusu jengo letu, kamati itakaa Jumapili baada ya Isha kupanga upya bei ya kila safari na kiasi cha mzigo, na vijana wa punda wamealikwa waseme wenyewe kinachowatosha. Na yeyote mwingine anayejenga mwezi huu, Shela au hapa mjini, naomba tuonane kabla hujapatana nao.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.