Siku Moja Maishani Mwangu: Kulitafutia Spea Nafuu Lori la Jeshi

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua geti la gereji hapa Amarillo, Texas, na jambo la kwanza ninaloliona ni lori kuinama. M923A2, tani 5, magurudumu yote sita yanavuta, tairi za 14.00R20 zinazonifika kifuani. Tairi ya nyuma kushoto imekaa chini. Jana jioni niliiacha imejaa.

Lori ni la kikosi cha zimamoto cha kujitolea, watu wa vijijini wanaofuga ng'ombe mchana na kuzima moto ukizuka. Jeshi likiacha kuyatumia malori ya namna hii, kuna mpango wa serikali wa kuvipa vikosi kama hivyo, wao wakafunga tangi la maji na pampu. Februari 2024 moto wa Smokehouse Creek uliteketeza zaidi ya ekari milioni 1 huku kaskazini mwa Texas, mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hili. Tangu mwaka ule, lori la zimamoto likisimama kwa sababu ya kipande cha mpira, mimi silali vizuri.

Saa 2. Sabuni ya vyombo na brashi. Kwa wasiolijua, lori hili dereva anajaza na kupunguza upepo wa tairi akiwa amekaa kwenye usukani. Akiingia kwenye mchanga au matope anabonyeza kitufe, tairi zinalegea na kutanuka, lori halizami. Akirudi lami anajaza tena. Si jambo jipya: Wamarekani waliliweka kwenye DUKW, lori lao la kuelea majini, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Upepo unatoka kwenye kompresa, unapita kwenye paipu hadi ekseli, unaingia ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, katikati ya sili zinazozuia uvujaji, kisha unatoka kwa mpira mfupi hadi kwenye valvu iliyofungwa pale kwenye rimu. Lori likiegeshwa, valvu hiyo ndiyo inayoufungia upepo usirudi.

Napaka povu. Kwenye valvu linatoa vitone vidogo vidogo, kama maziwa yanayoanza kuchemka. Na ule mpira mfupi una ufa mahali unapopinda.

Saa 3:30. Namba. Hapa ndipo pesa ya watu inapookolewa au kupotea. Kila kifaa cha jeshi la Marekani kina namba ya stoo yenye tarakimu 13. Nne za mwanzo zinataja aina: 5330 ni sili na gasketi, 4720 ni mipira na paipu za kupinda, 4730 ni viungo vyake. Ukiinunua kwa namba hiyo, unalipia jina la jeshi. Lakini jeshi halikutengeneza oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia. Lilinunua kwa kiwanda, na kiwanda kina namba yake.

Kijana ninayefanya naye kazi anatoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Anainama juu ya karatasi yangu.

"Muzee, hii namba ni ya jeshi ao ya ule aliitengeneza?"

"Ya jeshi. Tunamtafuta huyo aliyeitengeneza, mwanangu."

Saa 5. Valvu iko mezani, imefunguliwa. Nilijifunza ufundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na pale hakuna aliyekuuliza jina la spea. Waliuliza, "Sampuli iko wapi?" Basi nasafisha sampuli, oringi ya ndani ya valvu, nashika kipimo cha vernia. Upana wa ndani milimita 25, unene tatu na nusu. Hiyo ni oringi ya kawaida kabisa, saizi 214, inauzwa kwa senti kwenye duka lolote la mipira ya viwandani.

Ila saizi peke yake haitoshi. Mwaka jana niliweka oringi ya saizi sahihi lakini ya mpira wa EPDM, ambao unavumilia maji na mvuke vizuri sana. Grisi hauivumilii. Baada ya wiki chache niliitoa imevimba na kulegea kama tambi iliyolala kwenye maji, na lori lilikuwa limekwama shambani kwa mtu. Lile lilikuwa kosa langu, na nililirekebisha bila malipo. Sasa ninataja nitraili, mpira unaoivumilia grisi, kwanza, saizi baadaye.

Saa 7 mchana. Duka la mipira ya haidroliki. Mpira wa jeshi nilitajiwa dola 190. Hawa wanakata na kubana mpya kwa dola 34, wenye uwezo wa presha mara nyingi zaidi ya tunayohitaji. Nawasisitizia pembe ya mdomo wa kiungo. Kuna wa digrii 37 na wa digrii 45, na kwa baadhi ya saizi nyuzi zake za kukazia zinaingiana bila shida. Utakaza, utaridhika, na upepo utavuja mpaka uchoke. Napima mwenyewe palepale kaunta.

Saa 9. Mwenye lori anapiga simu. Anauliza kama ile valvu ya kulinda presha nayo tunaweza kuipatia mbadala. Namkatalia. Valvu hiyo inazuia tairi zisinywe upepo wa breki. Ikifeli, watu watano na tangi la maji wanaweza kuishiwa upepo wa breki wakiwa wanashuka mlima. Hiyo tunanunua yenyewe, hata kama itabidi tusubiri. Ananyamaza kidogo, kisha anasema sawa.

Saa 11 jioni. Tumefunga kila kitu. Kijana yuko juu anabonyeza, mimi niko chini na povu langu. Tairi inapanda polepole, mikunjo ya ubavu inanyooka. Povu limetulia. Naandika namba ya geji kwa chaki ubavuni mwa tairi.

Saa 3 usiku. Nimepita tena na tochi. Geji inasoma namba ileile ya chaki.