Dira ya tenki haidanganyi

Kijijini kwetu, huku milimani Lushoto, kiangazi kikishika kitongoji cha juu hukosa maji huku wa bondeni wakichota kama kawaida. Mkutanoni sababu ni ileile: chanzo kimekauka. Nilipochaguliwa katibu wa chombo chetu cha watoa huduma ya maji, kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa barua ya kuomba chanzo kingine. Sikuituma. Hiki tulichonacho kinatoa kiasi gani? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mradi wetu ni wa mserereko. Maji yanakingwa kwenye banio msituni, yanashuka kwa bomba hadi tenkini, kisha yanagawanywa kwenye vituo vya kuchotea na kwenye nyumba chache zilizovuta. Hakuna pampu wala bili ya umeme, ndiyo maana wengi huona ni maji ya bure mpaka bomba lipasuke.

Tulisubiri tenki liishe. Kijana mmoja akashuka ndani kwa ngazi na ndoo ya lita 20, mimi nimeinama kwenye mfuniko na saa ya simu. Ikajaa kwa sekunde 16. Tukarudia, ikawa vilevile. Hiyo ni lita 1.25 kwa sekunde, yaani lita 108,000 kwa siku. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, zinatosha watu 4,320. Sisi hatufiki hata nusu ya hao, na hapo ni kiangazi!

Basi yanakwenda wapi? Nikaanza kusoma dira, yaani mita ya maji, ya bomba linalotoka tenkini, saa nne usiku na tena saa kumi alfajiri, vituo vyote vikiwa vimefungwa kwa kufuli. Ilikuwa inazunguka mbio. Nilipomweleza mama anayehudumia kituo cha sokoni, alicheka: "Katibu, kumbe kuna watu wanafua usiku?"

Usiku mwingine nikatoka na fundi, tukafunga valvu za matawi moja baada ya nyingine huku tukimulika dira kwa tochi. Ilipofungwa ya bondeni, sindano ikasimama. Kulipokucha tukalifuata tawi hilo kwa miguu. Mahali fulani bomba lilikuwa limefungwa mpira wa baiskeli chini ya shamba la kabichi, na zile kabichi, kwa kiangazi kile, zilikuwa zimenawiri kupita kiasi. Ila hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni matenki ya plastiki ya majumbani: hayana boya, yakijaa yanamwaga hadi asubuhi. Na wenyewe walikuwa wakilipa kiwango kimoja kwa mwezi, wamwage wasimwage. Bondeni presha ni kubwa, kwani kila mita 10 za mteremko huongeza takribani bar 1, hivyo wao hupata kwanza na wa juu wanaambulia hewa.

Nikapeleka hoja kwenye kamati kila nyumba ifungwe dira na ilipe kwa uniti, ambayo ni ndoo 50. Mzee mmoja alikuja juu: "Mwanangu, mimi nimelipa. Nikimwaga, namwaga changu." Sikubishana naye. Bili ya kwanza ilipomfikia, boya alinunua mwenyewe.

Kitongoji cha juu kilibaki na shida yake. Bomba lao linapanda kijimwinuko kabla ya kushuka, hewa inajikusanya pale, koki inakohoa tu. Fundi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wilayani alishauri tufunge valvu ya kutoa hewa, tukainunua kwa fedha za maji yanayouzwa kwa ndoo vituoni.

Usiku sasa tunafunga valvu kuu ili tenki lijae, tunafungua saa kumi na moja alfajiri. Wa bondeni hawajaridhika. Wameomba mkutano mkuu ujao ujadili kufungua saa tisa. Nitakwenda na daftari la dira.