Karaoke ya nyumbani: wimbo unapiga ila maneno hayatokei, nilivyotatua

Wiki mbili hizi nimeteseka kweli wakuu. Nipo Moshi, huku Pasua, nilitaka karaoke sebuleni Jumamosi mashemeji wakija, nikabeba nyimbo kwenye flashi nikachomeka kwenye tivii, mziki unapiga safi kabisa ila skrini nyeusi, hakuna hata neno moja. Nikamlaumu fundi aliyeniuzia tivii, kumbe namwonea bure.

Shida ilikuwa fomati. Nyimbo zangu ni MP3+G, yaani kila wimbo una mafaili mawili, MP3 ndo sauti na CDG ndo maneno, na lazima yawe na jina moja, folda moja. Mimi nilivyo mjuaji nilikuwa nimefuta yale ya CDG nikidhani takataka, maana wimbo wa dakika 4 CDG yake haifiki hata MB 2. Nikayarudisha, bado tivii haiyaoni, yenyewe inasoma MP3 ikamaliza. Kwenye laptop yenye programu ya karaoke yakafunguka freshi.

Sasa laptop sitaki kuiacha karibu na watu wenye glasi za mbege, kwahiyo nikazigeuza zote kuwa MP4, sauti na maneno ndani ya faili moja. Zimekuwa nzito kidogo, na herufi bado zina vibox vibox coz picha ya CDG ina nukta (pikseli) chache sana, sio kosa la tivii.

Ila shemeji kuimba ndo hajui, hiyo sina fomati yake.